Mabakuli Sita ya Mwalimu Taib

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Msemo huo nilikuwa nikiusikia tangu utotoni Msambweni, nikidhani wanasemwa watu wengine. Mpaka Ramadhani ya mwaka wa sabini na mbili, hapa hapa Nairobi, ulimi wangu ulipotaka kumuua mtu. Mtu mwenyewe ni marehemu Mwalimu Taib. Mwaka ule hakufa, alhamdulillahi, kafa juzi juzi tu kwa uzee wake. Lakini kama hukumjua, ngoja kwanza nikwambie alikuwa mtu gani, maana bila hivyo hutaona uzito wa nilichokifanya.

Tulikuwa tukikaa jengo moja la ghorofa tatu pembeni mwa River Road. Chini maduka, juu vyumba, choo kimoja kila ghorofa na foleni kila asubuhi. Mie nilifika pale mwaka wa uhuru, mjane mwenye karai na jiko la makaa, nikawa nakaanga mahamri mlangoni mwa ngazi. Hakuna aliyepanda wala kushuka nisimwone. Na hapo ndipo penye ubaya, mwenzangu. Mtu akikaa mahali anapoona kila kitu, huanza kudhani anajua kila kitu.

Mwalimu Taib alikuwa Mwamu, mtu wa Lamu, mrefu, mwembamba, kanzu imepigwa pasi hata siku ya tope. Asubuhi alikuwa karani wa duka la vitambaa Mtaa wa Biashara, na kila Jumanne alipanda basi na utepe wake wa kupimia kwenda Kileleshwa na Kitisuru kupima madirisha ya watu waliotaka mapazia. Baada ya sala ya alasiri aliwasomesha watoto Kurani katika chumba cha ghorofa ya kwanza, watoto kama thelathini hivi. Fimbo alikuwa nayo, lakini ya kuonyeshea herufi ubaoni. Miaka tisa nilikaa chini ya chumba kile na sikusikia mtoto akilia. Mtoto akishindwa kusoma, yeye husema, "Basi tuanze tena wote, na mie nimesahau."

Na utani tulikuwa nao. Akipita asubuhi hunitazamia karai na kusema, "Mishi, mbona mahamri yako leo madogo? Yamefunga?" Nami humjibu, "Na wewe Mwamu, ungetembea polepole kama unavyosema, ungekuwa hujafika Mtito Andei." Hucheka mpaka akashika ukuta. Chai yake ilikuwa ya vijiko vinne vya sukari, na mkewe, Bi Mwanasiti, alizoea kumuuliza mbele ya watu kama anakunywa chai au shira.

Mwaka wa sabini na moja akaanza kukonda. Maji anakunywa kata juu ya kata, kiu haikatiki. Choo cha ghorofa ya pili kikaingia sisimizi, safu kwa safu, tukalaumiana sisi wanawake kwamba kuna mtu anamwaga chai mle. Kumbe ni mkojo wa Mwalimu. Alipokwenda kupimwa akaambiwa ana ugonjwa wa sukari, na aliporudi alikuja kunipa habari mwenyewe kabla sijazisikia kwa wengine. "Mishi, nimekuwa halwa," alisema. "Sisimizi wananifuata."

Akapewa vidonge, vyeupe, vya duara. Aliyempa ni muuguzi wa zahanati moja ya mjini, Selpher Nakhumicha, dada wa Kibukusu aliyekaa Uthiru na kushukia basi karibu na ngazi zetu. Selpher alikuwa mteja wangu, mahamri manne kila siku, mcheshi, mwepesi wa miguu. Amri ya vidonge ilikuwa fupi: kimoja kila asubuhi pamoja na chakula, asiache hata siku moja. Na vilimfaa. Kiu ilikatika, mashavu yakarudi, sisimizi wakahama.

Lakini dawa ile ilikuwa na ya kwake. Jumanne moja, huko Kitisuru, Mwalimu alikuta nyumba ya madirisha ishirini na mawili. Akapima, akapima, saa ya chakula ikampita. Mara mikono ikaanza kutetemeka, utepe ukamwanguka, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji, na akamwambia bibi mwenye nyumba kwamba dirisha lake lina surua. Yule mama akadhani amepatwa na mlevi, akaita mtunza bustani amtoe. Mtunza bustani, mzee mmoja akiitwa Sifuna, hakumtoa. Alimkalisha kivulini akampa ndizi mbili, na baada ya robo saa Mwalimu akawa anaomba radhi kwa akili zake timamu.

Kesho yake alikwenda kwa Selpher, na Selpher akamwambia maneno ambayo mie nimeyajua baadaye sana. "Mwalimu, hii dawa haijui kama umekula ama hujakula. Yenyewe inafanya kazi yake tu. Inateremsha sukari, na kama hakuna chakula itateremsha hata ile kidogo yenye ubongo unategemea. Ukisikia kutetemeka, jasho baridi, ama maneno yanakataa kutoka sawa, weka sukari mdomoni hapo hapo. Usingoje kufika nyumbani." Tangu siku hiyo Mwalimu alitembea na sukari mfukoni mwa kanzu, imefungwa katika kipande cha gazeti.

Mie hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba ana ugonjwa wa sukari, na kwa akili yangu ya wakati ule, mtu wa sukari basi sukari ndiyo sumu yake. Shika hapo.

Ramadhani ikaandama mwezi wa kumi, mvua za vuli zimeanza. Selpher alikuwa amekwenda likizo kwao Kimilili. Daktari hakumuuliza Mwalimu habari za kufunga, na Mwalimu hakumwambia. Mtu mzima wa Lamu, amefunga tangu ana miaka minane, amuulize daktari ruhusa? Alijipangia mwenyewe. Kidonge cha asubuhi akakisogeza kwenye daku. Kisha akaona futari ina tende na tambi za sukari na kaimati, akasema haiwezekani mlo mtamu namna hiyo ukae bila kidonge chake. Akaongeza cha pili. Milo miwili, vidonge viwili, na baina yake mchana mzima mtupu. Hesabu safi kabisa, na ilikuwa inamchimbia kaburi.

Mie mwezi huo sikaangi asubuhi. Huanza alasiri, kaimati na viazi karai, watu wanunue wakafuturu. Siku ya pili ya mwezi, jua linazama, Bi Mwanasiti akaniletea bakuli la futari limefunikwa kwa kawa. Wali, nyama, na tambi pembeni. Sikushangaa, majirani hupelekeana futari, ndio ada yetu. Nikala nikashukuru. Siku ya tatu halikuja. Siku ya nne likaja. Likaja siku ya tano, likaruka, likaja ya saba, na ya tisa. Nikasema moyoni, huyu Mwanasiti naye, anagawa futari kama mvua ya Msambweni, hujui lini. Siku ya kumi na moja likaja bakuli la sita.

Siku hiyo hiyo ya kumi na moja, kabla ya bakuli, ndipo nilipoyaona yangu.

Ilikuwa alasiri, nimetia shira jikoni, baridi imeshika mji mzima. Mwalimu akashuka ngazi, mkono ukutani, miguu haielewani. Uso wote jasho. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akanitazama asinione, akajibu, "Funga mlango, mbuzi wataingia." Mbuzi, River Road! Kisha akageuka nyuma ya ngazi, pale wanapoegesha baiskeli, akatoa kikaratasi mfukoni, akakifungua kwa vidole vinavyotetemeka na kujimwagia sukari kinywani. Akafumba macho. Akalamba na karatasi.

Niliganda na upawa mkononi. Weee! Mwalimu wa Kurani! Mchana kweupe! Tena mgonjwa wa sukari, anakula sukari! Nikaona dhambi mbili mahali pamoja, uroho na unafiki, na Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Utamu wa kujua jambo ambalo wengine hawalijui, huo ndio ulionipata. Nikamwambia mtu mmoja tu, Munyiva, mama wa Kikamba aliyesilimu, mfua nguo wa ghorofa ya tatu. "Mwalimu wetu ni kobe."

Kwetu pwani, mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa siri tunamwita kobe. Anaingiza kichwa ndani, anatafuna, anadhani haonekani. Ni jina la mzaha kwa watoto wanaoiba maandazi. Kwa mwalimu wa madrasa si mzaha.

Mtu mmoja tu, nilisema? Kesho yake Mwalimu alipoingia kusomesha alikuta kobe amechorwa ubaoni kwa chaki, na miguu yake minne, na kilemba. Munyiva alikuwa pale anadeki, ndiye aliyenisimulia. Watoto wote wanangoja waone atafanya nini. Mwalimu akamtazama yule kobe, akachukua kitambaa akafuta. "Aliyechora ana mkono mzuri," akasema. "Haya, tuendelee tulipoachia." Siku iliyofuata watoto kumi na mmoja hawakuja. Wazee wawili wakaenda kwa Sheikh Munir, imamu wa msikiti wetu mdogo, wakamtaka atafute mwalimu mwingine kabla ya Idi.

Na Mwalimu hakujitetea. Hakusema mimi mgonjwa, hakusema nina sababu. Alichofanya ni kushuka ngazi alasiri ile ile aliyomfuta kobe, akaja mpaka mezani kwangu, akaweka kile kikaratasi cha sukari baina ya kaimati na viazi.

"Mishi," akasema, taratibu kama kawaida yake, "tia hii kwenye shira yako. Mie sina kazi nayo tena."

Alijua ni mie. Hakunitukana, hakunitazama vibaya. Nilitamani anitukane, nipate la kujibu. Akapanda zake juu. Na mie, kwa kiburi, nikaifungua ile karatasi nikaitia sukari yake katika sufuria yangu nikakoroga.

Tangu siku ile mabakuli yakakoma. Moja hata la kudanganyia halikuja. Nikasema, naam, wameninunia. Nikanuna na mie. Siku nane nilikaa mlangoni pale nikijiona ndiye niliyekosewa, nikifuturu kwa viazi vyangu vilivyobaki na kuwasema kwa Munyiva. Kumbe nalilia futari, na mtu juu ya kichwa changu anakwisha.

Ijumaa ya siku ya kumi na tisa, alasiri, nilikuwa napakua kaimati nikasikia sauti za watoto juu, wanasoma kwa pamoja kama kawaida. Zikakatika. Kikaja kicheko. Kisha kicheko nacho kikakatika, na ukimya uliofuata haukunipendeza. Wakati ule ule nani kasimama mbele ya meza yangu? Selpher, amerudi kutoka Kimilili, ametoka kazini, anataka kaimati za kubeba Uthiru.

"Mama Mishi, ni nini huko juu?"

"Sijui," nikasema, na tayari nimeanza kupanda.

Mwalimu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ubao, chaki mkononi, anaandika alifu juu ya kanzu yake mwenyewe. Alifu, alifu, alifu, goti zima limejaa. Jasho linamtiririka. Mdomo umepinda upande. Wasichana wakubwa walikuwa wanalia. Wanaume wawili watatu waliokuwa wakienda msikitini wamesimama mlangoni, na mmoja akasema, "Leo kobe amepata na pombe." Na mie nikamtazama Mwalimu machoni, nikayaona macho yale yale ya nyuma ya ngazi, yanayokutazama yasikuone. Hayakuwa macho ya mlafi. Yalikuwa ya mtu anayezama.

Selpher alinisukuma akapita. Akapiga magoti, akamshika mkono, akampapasa paji. "Amekula saa ngapi?"

"Amefunga," akajibu Bi Mwanasiti, aliyekuja mbio bila viatu.

"Amefunga? Na dawa ameacha?"

"Haachi. Ulimwambia asiache. Kimoja daku, kimoja futari."

"Viwili!" Selpher akapiga kofi paja lake. "Nani alisema viwili? Hajalewa huyu, nyinyi watu! Amemeza dawa na hana chakula, hana sukari ndani ya mwili. Leteni sukari. Sasa hivi!"

Sukari. Mie ndiye mwenye sukari jengo zima. Nikashuka zile ngazi sijui kwa miguu gani, nikachota shira kikombe kizima, nikapanda. Selpher akachovya kidole amtie shavuni. Mwalimu akaisikia harufu, akakaza meno.

"Nimefunga," akasema baina ya meno. Kati ya akili zote zilizomtoka, hiyo ndiyo iliyobaki. "Jua... bado."

"Mwalimu, ni dawa hii," Selpher akamwambia. "Fungua mdomo."

Hakufungua. Bi Mwanasiti akamsihi, hakufungua. Watoto wake walikuwa wanamtazama, na hata katika hali ile alijua wanamtazama. Nikafahamu, pale pale, kwa nini aliniachia karatasi yake mezani. Ni kwa ajili ya neno langu. Anaogopa kobe kuliko anavyoogopa kufa.

Basi nikakichukua kile kikombe mikononi mwa Selpher nikanywa. Mafunda mawili, mbele ya watoto, mbele ya wale wanaume, adhana ya magharibi bado saa mbili. Shira ikanimwagikia kidevuni.

"Mnaniona?" nikasema kwa nguvu zangu zote. "Kobe ni mie! Mie ndiye niliyemsingizia Mwalimu wenu. Yeye ni mgonjwa, mgonjwa ana ruhusa ya Mungu, na mie sina hata mafua! Mwalimu, Mwalimu Taib, ni Mishi. Fungua kinywa. Kama kuna dhambi leo, mie nimeshaitangulia."

Sijui kama alinisikia au alishangaa tu. Kinywa kikafunguka kidogo, kama anataka kusema, na Selpher akaingiza kidole chenye shira ndani ya shavu, akasugua, akaingiza tena, kidogo kidogo asipaliwe. Nikakishika kichwa chake. Tulikaa vile muda ambao hata leo siwezi kuupima. Hatimaye akameza mwenyewe. Akameza tena. Macho yakatulia, yakanipata.

"Watoto wamekwenda wapi?" akauliza, na watoto wote wapo mbele yake.

Watu wakaanza alhamdulillahi, na mwachieni alale, na tumpeleke chumbani kwake. Selpher akakataa kata kata. "Hii dawa inakaa mwilini siku mbili, tatu. Amekunywa mara mbili kila siku, imejaa. Ataamka hivi, halafu atazama tena na nyinyi mkidhani amelala usingizi. Nataka gari." Yule aliyesema pombe akanung'unika kwamba mtu ameshapona. Nikamgeukia nikamwambia maneno ambayo siyarudii, na Ramadhani ilikuwa bado haijaisha.

Tukampata Wainaina, mwenye teksi ya Peugeot aliyeegesha ng'ambo. Hatujamaliza hata nusu ya safari, Mwalimu akazama tena, sawasawa alivyosema Selpher. Kichwa mapajani mwangu, kizito. Selpher na kidole chake, mie na kikombe changu, Bi Mwanasiti anasoma dua kiti cha mbele. Tungemwacha kitandani kwake siku ile, tungemwamsha kwa futari asiamke.

Hospitali walimtundikia maji ya sukari mkononi siku mbili mchana na usiku, kila wakiyatoa anaanza kuzama, wanayarudisha. Siku ya tatu ndipo aliposimama. Daktari akakata vile vidonge, akampa aina nyingine isiyokaa mwilini muda mrefu, na akamwambia mbele yetu: kidonge na mlo, hakuna mlo hakuna kidonge, na kufunga basi, labda aje kwanza waongee.

Jioni ya siku hiyo nilikaa na Bi Mwanasiti kwenye benchi nje ya wodi. Nilimwambia yote, tangu ngazi mpaka Munyiva. Nikamwomba msamaha. Akanisikiliza huku anapanga mikunjo ya buibui lake.

"Mishi, yale mabakuli, ulidhani ni ya nini?"

"Ujirani."

"Yalikuwa fidia," akasema. "Sheikh Munir alimwambia kabla ya mwezi, wewe mgonjwa, kula, na kila siku utakayokula lisha maskini mmoja. Hakutaka. Alisema watoto watajifunza kufunga kwa nani. Atafunga, na siku mwili ukimshinda atatia sukari kinywani na kulipa siku hiyo. Akanambia, mlishe Mishi, yule hana mtu, lakini usimwambie ni ya nini, ana roho ya kiungwana, ataona haya."

Nikahesabu. Siku ya pili, ya nne, ya tano, ya saba, ya tisa, ya kumi na moja. Mabakuli sita. Siku sita alizoishi kwa sukari ya mfukoni. Na yalipokoma, hakuwa ameninunia mtu. Yalikoma kwa sababu hakukuwa na siku ya kulipia. Siku nane nzima alishinda anatetemeka asile chochote, na mie chini yake nimekaa nimekunja uso nangoja nyama. Ile ya kumi na moja, futari niliyokula usiku ule na kuisifu, ilikuwa ya sukari ile ile niliyokwenda kumtangazia. Nililia pale benchini kama mtoto, wala Bi Mwanasiti hakuninyamazisha.

Nilipita kila mlango wa jengo lile, ghorofa tatu, nikisema kwa kinywa changu kwamba nilisema uongo. Mlango wa kwanza ulikuwa mgumu, wa kumi ulikuwa mgumu zaidi. Watoto tisa kati ya wale kumi na mmoja walirudi. Siku yangu ile niliilipa baada ya Idi, na Sheikh Munir akanambia nisijitese nayo, kumwokoa mtu pia ni ibada. Mwalimu mwenyewe, nilipokwenda kumwomba radhi, alisema, "Shira yako ilikuwa nzito mno, Mishi. Punguza sukari." Ndiyo radhi yenyewe. Sikupata nyingine.

Ramadhani iliyofuata, ya sabini na tatu, siku ya kwanza ya mwezi, aliwaambia watoto kabla hawajafungua misahafu: "Mie sifungi mwaka huu. Ninaumwa, nameza dawa, na Mungu ameniruhusu kula. Nikiikataa ruhusa yake nitakuwa mjeuri, si mcha Mungu. Someni." Nilimsikia kwa masikio yangu, nilikuwa nimesimama ngazini.

Nikarudi kwenye karai langu, lakini mikono haikutaka kazi. Kusema ni kitu kimoja. Yule ni Mwamu mkaidi, na kaimati nikazitoa hazijaiva, nikazirudisha, zikaungua. Kila nikisikia mlango juu nainua kichwa. Jua likawa linashuka nyuma ya majengo na hakuna mtu. Nikasema basi, amefunga, kaficha, tumeanza tena. Nilikuwa nimeshavua kanga ya kiunoni nipande juu nikamfokee mbele ya mkewe.

Nikasikia ndara ngazini. Bi Mwanasiti, na bakuli, na kawa juu yake.

"Amekula?" nikamuuliza, hata salamu sikumpa.

"Amekula, Mishi. Wali na samaki, saa saba kamili, na sahani kaiosha mwenyewe."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa bado la moto.